Yah: Pikipiki Yangu Kupangwa Fungu la Matambara

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, na binti yako anaendelea vizuri na tumbo lake, isipokuwa miguu inavimba na hasira zake ziko karibu. Ninakuandikia badala ya kuja kwa sababu mkwe hasimami mbele ya mama mkwe wake akabishana. Pia nikija utanipa chakula, na mimi nikishashiba sina msimamo.

Unajua tulikotoka. Nyumba yetu ni sebule na chumba. Pikipiki hulala sebuleni, pembeni ya kabati la vyombo, juu ya gunia la kukingia oili. Mtoto anazaliwa mwezi ujao, na binti yako amesema kitanda chake kitakaa papo hapo. Alinipa nichague nani alale nje kati yangu na pikipiki. Ndipo mwanao wa mwisho, Shemeji Haraka, akasema ataichukua yeye. Na kwa kuwa katika ukoo wenu ndugu hawauziani kitu bila jicho la tatu kupanga bei, wote tukakuchagua wewe, maana umeuza mitumba tangu binti yako hajaota meno, na hakuna anayekushinda kujua thamani ya kitu kilichotumika. Hata mimi niliinua mkono. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Malalamiko yangu, kwa unyenyekevu wote, ni haya:

1. Hakimu ni mama wa mnunuzi. Upo msemo kuhusu kesi, nyani na ngedere, lakini kwa adabu niliyofundishwa kwetu sitauandika hapa.

2. Uliikagua pikipiki kama shati. Uligeuza kava la siti ndani nje, ukanusa. Ukavuta waya wa klachi kuona kama mshono unashika. Ukachungulia madigadi kwenye mwanga wa dirisha kutafuta vitundu, halafu ukauliza kama ikifuliwa inachuja rangi. Nikajibu haichuji, kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa. Kisha ukatoa chaki yako ukaliandika tangi alama ile ya fungu la tatu, yaani matambara ya kuuzwa gereji. Mama, pikipiki ndiyo inayopelekwa gereji ikafutwa kwa matambara. Haiwezi kuwa vyote viwili.

3. Kerieri. Umepunguza bei kwa sababu imepinda upande wa kushoto. Ilipinda siku nilipokubeba wewe na robota la makoti kutoka sokoni, mvua inanyesha, nawe ukinihimiza twende tu, chuma hakichoki. Sisemi nani kati yako na robota alikuwa ameelemea kushoto.

4. Taa ya mbele, pamoja na bonde lililo kwenye tangi. Hiyo ni kazi ya mnunuzi mwenyewe. Shemeji aliazima pikipiki ajifunze kuendesha, akajifunza mpaka kwenye geti lako. Siku ya ukaguzi akakuonyesha taa ile kwa masikitiko, utadhani msamaria aliyeikuta njiani, na wewe ukampunguzia. Kama huu ndio utaratibu, basi mtu atakuwa anakivunja kwanza kile anachotaka kununua. Nasema hivi kwa sababu jana alikuja hapa akajitupa kwenye kochi langu kwa kishindo nisichokielewa, akalisikiliza likilia, halafu akauliza kama tunaliuza.

5. Kioo cha kulia. Uliugonga ufa wake kwa kidole, ukasema kitu kilichopasuka hakina bei. Hapa, Mama, niliumia kweli. Siku ya kwanza nilipompakia binti yako alikuwa amekaza uso, eti mizaha yangu haimchekeshi. Lakini kwenye kioo kile nilimwona akicheka kwa kujificha mgongoni kwangu. Nikamtazama yeye badala ya kutazama barabara, tukaingia mtaroni. Tulitoka humo na matope na ufa ule, naye bado anacheka, safari hii bila kujificha. Bila mtaro ule usingekuwa mama mkwe wangu. Sijui mambo kama hayo hupimwa kwa nini, ila najua hayapimwi kwa chaki.

6. Pikipiki yangu imeshaanguka, na hili naomba ulitafakari bila haraka. Pikipiki mpya iliyoko dukani haijaanguka hata mara moja, kwa hiyo maanguko yake yote yanamsubiri mnunuzi. Yangu imemaliza. Imeingia mtaroni, imegonga geti, imepinduka na magunia ya mkaa, imeangukiwa na ngazi ya fundi rangi. Hakuna jipya tena la kuipata. Anayeuza kitu ambacho ajali zake zimeshalipiwa anastahili kupewa bei ya dukani na nyongeza juu yake. Na kumbuka kwamba mpaka leo inawaka kwa kiki moja.

7. Namba hii nimeifuta nikairudia, nikaifuta tena. Ikiwa kasoro hupunguza bei, basi kanuni hiyo ihusu kila kilichopita mkono mmoja kwenda mwingine katika familia hii. Nilipoleta mahari sikupunguza chochote kwa ajili ya kukoroma, jambo ambalo mshenga hakulitaja hata kwa kukohoa. Sidai kurudishiwa. Nauliza tu kama mlango umefungwa kabisa.

Na tukiwa hapo hapo: nilipokuja kuposa, shangazi wa binti yako ananiambia ulinizungusha ukaliona goti langu bovu na jino langu lililokatika, ukawaambia wenzako kwamba huyu ni fungu la pili lakini anavalika. Hukuniweka kwenye matambara. Niliposikia hivyo nilifurahi wiki nzima. Sasa pikipiki imekosa nini, ambayo hata goti haina?

Kwa hiyo naomba ile alama ya chaki ifutwe na mkono ule ule ulioiandika. Pikipiki ipandishwe fungu la kwanza, au kwa huruma yako fungu la pili, tukae pamoja. Na Shemeji azuiwe kukaa kwenye samani zangu mpaka mambo haya yaishe.

Msalimie sana Baba Mkwe, mwambie redio yake ninaishughulikia. Wasalimie wenzako wote wa mezani pale sokoni, yule anayeuza viatu vya mguu mmoja mmoja, na majirani wa pande zote mbili za geti, pamoja na geti lenyewe.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Fungu la Pili

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimepita kwa seremala, nikakuta anauza kitanda cha mtoto kilichotumika. Mguu mmoja unacheza na ubavuni kina mkwaruzo. Nilikigeuza chini juu, nikanusa godoro, nikamwambia kwamba mkwaruzo ni mkwaruzo hata kama mwanangu ndiye angeutia, na kwamba hilo ni fungu la tatu. Alilalamika sana, akaanza na habari za watoto wake waliokilalia. Ana maneno mengi yule bwana. Nimekichukua kwa bei ya matambara.

Sasa kipo hapa mlangoni na hakiwezi kuingia. Kwa hiyo mwambie Shemeji aje leo aichukue pikipiki kwa bei yako ile ile, na aje na mtu wa kusukuma. Kioo cha kulia asikiulize. Nimekifungua mwenyewe nikakitundika ukutani, juu, mkono wa mtoto usifike, mahali ambapo mama yake akicheka kwa kujificha nitamwona. Hicho nacho kikate kwenye bei.