Tonge la Kalamu Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Siku njema. Nimesikia jambo.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kabati la masjala, natafuta faili lililopotea tangu mwezi wa tano (nililipoteza mimi, ila hilo halijulikani). Bosi akapita akizungumza kwenye simu. Nanukuu: "Lile tonge nimeshapata wa kulishika. Kalamu Mbili. Ana mkono mzuri. Anaanza Ijumaa."

Kalamu Mbili ni karani mwenzangu. Huchomeka kalamu mbili mfukoni mwa shati, zote hazina wino. Mkono mzuri! Mwandiko wake ni nyayo za kuku. Wangu uliwahi kusifiwa na mwalimu wa darasa la tano.

Hapa haihitajiki ramli. Kiti cha naibu mkuu wa masjala kiko wazi tangu mwenyewe astaafu. Chumba chenye dirisha. Kiti kinachozunguka. Hilo ndilo tonge nono, nalo linapelekwa kwenye mdomo usio wake.

Nimemweleza mke wangu. Akasema tonge ni lile ulilokwisha kulimeza, mengine ni maneno. Mke wangu hana mawazo ya maendeleo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeingia kwa bosi na faili tupu kwapani. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba habari za tonge zimenifikia. Akainuka, akafunga mlango. Akauliza nani kaniambia, maana hakutaka lizagae. Nikajibu kuta zina masikio. Nikaongeza kwamba Kalamu Mbili ni mtu mwema, lakini mikono humtetemeka na subira hana, na mambo ya tonge yanataka subira.

Bosi akanitazama sana. Akauliza kama mimi ninayo. Nikamwambia nimekalia kigoda kimoja miaka kumi na moja.

Akasema yeye hana neno, ila Kalamu Mbili aridhie mwenyewe. Bosi wetu ni mama mwerevu. Hataki lawama.

Jumatano, 6 Agosti

Kantini tunakula sinia moja, watu wanne. Siku zote Kalamu Mbili akifinyanga tonge, sisi wengine tunaaga nyama. Leo alidonoa kama kifaranga, kisha akausukuma mnofu wake upande wangu. Dhamiri inamsuta, nikasema moyoni. Nikaula.

Baadaye nikamvuta kando, penye tangi la maji. Nikamwambia najua kila kitu. Akainamisha macho. Akasema, "Kaka, tangu niambiwe sijapata usingizi."

Furaha hiyo. Nikamwambia mzigo huu ni mzito, yeye bado kijana, ana watoto wadogo, aniachie mimi niliyekomaa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yakamlengalenga. Akasema laiti watu wote wangekuwa na moyo kama wangu.

Nikajisikia vibaya. Kuanzia kwenye tangi hadi kwenye ngazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Bosi amekubali. Sharti moja: niandike barua kuonyesha kwamba nimejitolea. Nimeandika kwa mkono, mistari imenyooka kama uzi: "Najitolea kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, kulibeba tonge hili hadi itakapoamuliwa vinginevyo." Nakala kwa kila idara.

Tarishi alipoisoma alinipa mkono kimya kimya, kama tuko msibani. Dereva akauliza kama nyumbani wanajua. Wivu mtupu.

Nimepiga pasi suti. Mke wangu kauliza ndani ya hilo tonge mna nini hasa. Nikamwambia tonge halipasuliwi, linamezwa. Akasema mwenye pupa hadiriki kula tamu, akaenda kuanua nguo.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa sita bosi alinichukua mwenyewe. Hatukukata kona kuelekea chumba chenye dirisha. Tulitokea mlango wa nyuma, tukavuka ua, tukaingia nyumbani kwake. Nikadhani ni chakula cha kunipongeza. Mezani palikuwa na bakuli la wali uliopikwa ukawa kama uji mzito, mchuzi usio na chumvi, na Bibi.

Bibi ni mama yake bosi. Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini. Tangu augue, mikono yake haishiki kitu, na kijiko hakitaki. Kwake kijiko ni cha dawa. Anataka tonge la mkono. Walezi wawili wamekimbia. Kalamu Mbili alichaguliwa kwa sababu alimlisha nyanya yake mpaka siku ya mwisho. Haya yote bosi alinieleza huku akinifunga aproni juu ya suti. Saa sita mpaka saa nane, kila siku ya kazi.

Tonge la kwanza Bibi alilitazama, akasema hilo ni tofali. La pili, lina pembe. La tatu akalipokea, pamoja na kidole changu. Nikapiga ukelele. Akasema, "Darasani hapapigwi kelele."

Nilimweleza bosi kwamba nadhani hatukuelewana. Akaitoa barua yangu, akasoma pale pa "bila kushurutishwa". Alikuwa anashukuru kwa dhati. Nikafinyanga tonge la nne.

Jumatatu, 11 Agosti

Bibi ameuliza kilichonileta, maana kwake haji mtu kwa kupenda. Sijui kwa nini nilimwambia ukweli. Labda ni yale macho ya kusahihisha madaftari. Nilimsimulia kabati, tangi, barua, kiti kinachozunguka. Alicheka mpaka wali ukampalia, nikampiga mgongoni, akaendelea kucheka. Kisha akala bakuli zima.

Bosi aliliona bakuli tupu, akakaa kitini. Miezi minne halijapata kumalizika. Akasema sasa kazi hii hataigusa mtu mwingine. Ni mimi tu.

Jumatano, 13 Agosti

Tangazo liko ubaoni. Naibu mkuu wa masjala: Kalamu Mbili. Usaili ulifanyika jana saa saba mchana. Saa saba mchana mkono wangu ulikuwa ndani ya wali.

Amekuja kunishukuru. Anasema bila mimi asingepata hata nafasi ya kuhudhuria. Nimemwambia asijali. Tonge limenikaa kooni, haliteremki wala halitoki.

Alhamisi, 14 Agosti

Mambo yamegeuka. Leo Bibi, akiwa anatafuna, amenidokeza kwamba mwanawe wa kwanza anakuja mwisho wa mwezi. Mkuu wa ofisi kubwa kuliko hii, ghorofa nne, na nafasi za kazi ziko wazi tele. Akija hunywa chai ya asubuhi na mama yake, wao wawili na anayemlisha.

Nimeuliza nani humlisha asubuhi. Bosi mwenyewe. Lakini Kalamu Mbili, kwa wema wake, ameahidi kumpokea zamu hiyo.

Wema! Mtu ameshapata dirisha, bado anataka kunitoa tonge mdomoni. Sikungoja. Nimeandika barua hapo hapo, mwandiko wangu mzuri kabisa: najitolea, kwa hiari yangu, na chai ya asubuhi, saa kumi na mbili kamili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Bosi ameitia sahihi kabla sijamaliza kumsomea. Nimemuwahi Kalamu Mbili.