Bonde la Kulaza Mawingu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Maji ya paa yameshuka, yakavuka uani, yakaingia chumbani kwa mama mkwe bila hodi. Mke wangu ametangaza: yakiingia tena, mama atahamia chumba chetu, mimi nikalale stoo na magunia ya mkaa. Nimemwambia asihofu, nina wazo. Amesema hofu yake huanzia hapo.

Jumanne, 4 Machi
Bustani ya mvua! Unachimba bonde dogo, maji ya paa yanaingia, mimea inayapokea, udongo unayanywa taratibu. Nimechimba asubuhi nzima, kisha nikalala humo kidogo kupima ukubwa. Udongo baridi, wingu moja juu, jembe kifuani. Raha! Mama mkwe kaniamsha, akiuliza nifukiwe sasa hivi au ndugu zangu wasubiriwe.

Jumatano, 5 Machi
Jirani, fundi bomba, kachungulia juu ya ukuta. Eti shimo liko karibu mno na mlango wa mama. Eti nichanganye mchanga, maji yazame upesi. Wivu! Maji yametoka mbinguni kote huko, halafu yazame? Nimetandika nailoni shimo zima, udongo kidogo juu yake, nikapanda mayungiyungi. Mawingu yatakuja kujitazama humo, nami nitakaa kando na chai.

Alhamisi, 6 Machi
Jua kali. Nimelikodolea macho anga kama mposaji anayesubiri jibu. Mama mkwe kauliza siku hizi nafanya kazi gani. Nimesema nasubiri.

Ijumaa, 7 Machi
Imenyesha! Bonde limejaa hadi ukingoni, kimya, wingu limelala ndani kama mtoto. Nikamwita jirani aje aone, apate adabu. Akaja. Tukiwa tumesimama, wingu likajinyoosha, likavuka ukingo, likaingia kwa mama mkwe. Ndala zake zikatoka zikielea, moja nyuma ya nyingine, polepole, kama zinakwenda harusini. Mama akazifuata. Jirani akamwamkia shikamoo, akakumbuka ana kazi mahali.

Jumamosi, 8 Machi
Stoo. Magunia hayakoromi, hiyo ni sifa yao. Nje nasikia mke wangu na jirani wanang'oa nailoni yangu na kumwaga mchanga. Jirani anakunywa chai kwa kikombe changu. Maskini, hawajui uzuri.

Paa la stoo linavuja pembeni. Tone. Tone. Nimelisikiliza muda mrefu. Sakafu ni ya udongo, laini kabisa. Bonde dogo lingeenea hapo.

Nimemwomba mke wangu kwa upole, kupitia tundu la kitasa, asiitupe ile nailoni.