Mablanketi Yaliyolala Ghalani

Jumatatu, 9 Desemba

Leo meneja ametuita mimi na Tabasamu. Mikataba yetu ya muda inakwisha mwisho wa mwezi. Nafasi ya kudumu ipo moja. Sisi tuko wawili. Hata godoro lingeelewa hesabu hiyo. (Tunatengeneza magodoro. Mimi niko masjala, nahifadhi barua za malalamiko. Yeye yuko mapokezi, anatabasamu.)

Meneja anataka mtu anayejali watu. Ijumaa, kabla ya shamrashamra za sikukuu, wafanyakazi tutapeleka zawadi kwenye nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kiwanda, naye atakuwa anatuangalia. Tabasamu akasema, "Jamani, wazee wetu!" na macho yakamlowa. Hapo hapo! Machozi yangu mimi huhitaji maandalizi.

Nimejitwika kazi ya kupanga zawadi. Nitamshinda kwa mpangilio.

Jumatano, 11 Desemba

Zawadi zimemiminika. Mablanketi, soksi nzito. Tabasamu alitaka kila mtu aandike jina lake juu ya boksi na kufunga utepe. Nikapinga. Nikaeleza kwa utulivu, kwa dakika ishirini, kwamba anayetoa kwa dhati hajitangazi. Fundi wa cherehani akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Hakurudi.

Basi: maboksi yote ya kahawia, yale yale ya masjala. Hakuna jina wala maelezo. Namba tu, zikifuatana na namba za barua ili orodha yangu isivunjike. Ufunguo ninao mimi peke yangu, humu daftarini:

21 hadi 24: barua za malalamiko. Yaende ghalani, yakae miaka saba.

25 hadi 28: mablanketi na soksi. Yaende kwa wazee.

Faida yake (siri): meneja akitaka kujua lolote, lazima aniulize mimi.

Shangazi, ninayeishi kwake, akauliza kwa nini nisiandike tu "mablanketi". Nikamwambia haijui nadharia ya utunzaji wa kumbukumbu. Akasema kweli, yeye anajua mablanketi tu.

Ijumaa, 13 Desemba

Ushindi!

Nusura mambo yaharibike asubuhi. Dereva aliniuliza uani, "Haya Profesa, napakia yapi?" Daftari lilikuwa mkobani, na Tabasamu alikuwa amesimama begani kwangu kabisa. Humu nimeandika mambo kuhusu meno yake. Sikulifungua. Nikatamka kutoka kichwani, bila kusita: ishirini na moja hadi ishirini na nne. Kumbukumbu yangu ni chuma.

Kwa wazee nikatoa hotuba juu ya utu. Wawili walisinzia, lakini kwa heshima. Nikapiga marufuku kufungua maboksi mbele ya wageni, maana mpokeaji naye ana hadhi yake. Meneja akaafiki kwa kichwa. Nimemwona!

Bibi mmoja, mwalimu mkuu mstaafu anayewaongoza wenzake kama darasa, aliuliza kama humo mna mablanketi, kwani baridi ya usiku inawaingia mifupani. Nikatabasamu kwa fumbo. "Subirini muone, bibi."

Jumatatu, 16 Desemba

Mwalimu Mkuu amepiga simu masjala. Anashukuru mno. Miaka nenda miaka rudi, anasema, watu huwaletea biskuti na kuwapiga picha. Hakuna aliyewahi kuwaletea kazi. Wameshajibu barua arobaini. Anaomba bahasha.

Nikauliza, barua gani?

"Si hizi za magodoro, mwanangu."

Nikafungua daftari. Ukurasa wa Jumatano. Nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa kidole.

Siku tatu! Bibi aliniuliza kuhusu baridi, nami nikatabasamu kwa fumbo. Nikaukumbuka na mkataba pia, ila baadaye. Kama dakika mbili baadaye. Humu naandika ukweli.

Mpango: kesho saa ya chakula, mimi na dereva, maboksi sahihi, tunabadilisha kimyakimya. Meneja asijue. Tabasamu ndiye asijue kabisa.

Jumanne, 17 Desemba

Tabasamu alikuwepo. Ameketi chini, anamkata bibi mmoja kucha za miguu.

Kumbe huja hapo kila wiki, huu mwaka wa pili, na hajamwambia mtu. Jumamosi alikuta barua mahali pa mablanketi. Akapita mtaani kwao nyumba kwa nyumba mpaka akaazima mablanketi kumi na tisa. Wazee akawaambia ya kampuni yamechelewa njiani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema siku ile aliniona nina furaha sana, akaona si vizuri kunikatiza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu nikashuku. Wema wa namna hii lazima una mkakati.

Mablanketi yamepokewa kwa vigelegele. Barua wamekataa kuzirudisha! Mwalimu Mkuu amezisahihisha zote kwa kalamu nyekundu na kutoa alama. Mteja mmoja ameandika mara nne kwamba godoro limebonyea upande wa mumewe. Mzee mmoja, nesi mstaafu, amemjibu: "Mwanangu, ligeuzeni. Likibonyea tena, mgeuze mume."

Tisa zimeshakwenda posta. Chini wameandika: kwa niaba ya kampuni.

Ijumaa, 20 Desemba

Mteja mwenye mume amekuja ofisini, barua mkononi. Nikajibanza nyuma ya kabati la mafaili. Hakuja kugomba. Anacheka hadi anashika mbavu, na mume nyuma yake anacheka kidogo. Anasema miaka minne hatujawahi kumjibu hata mstari mmoja. Anataka kumwona huyo nesi amshike mkono.

Meneja akatuita sote wawili. Akauliza hili ni wazo la nani. Tabasamu, bila kupepesa macho, akasema ni langu.

Nafasi ya kudumu ilikuwa pale mezani. Nilihitaji kusema "ndiyo" tu, neno fupi. Nikalifungulia mdomo. Nikamwona yule bibi akiniuliza kuhusu baridi. Nikasema yote: namba, daftari, uongo wa kichwa changu, mablanketi ya majirani, kucha. Sehemu ya meno sikuigusa.

Nafasi amepewa Tabasamu.

Nililia. Bila maandalizi yoyote. Yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Mimi nimeongezewa miezi mitatu. Kila Ijumaa nitapeleka barua kwa wazee na kurudi na majibu. Mwalimu Mkuu mwenyewe ameniombea kwa simu. Alisema, "Tuleteeni yule wa hotuba. Tutamnyoosha."

Jumatatu, 23 Desemba

Ofisi inafungwa leo kwa sikukuu. Nimetafakari mno na somo nimelipata.

Kwanza: Tabasamu ameshinda kwa kunyamaza. Kuanzia leo nitakuwa mnyamavu kuliko yeye. Nimeshaitangazia ofisi nzima, na kiwandani nimepita meza kwa meza.

Pili: mpangilio wangu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa daftari. Nisingekuwa nalo, nisingeogopa kulifungua.

Barua za Ijumaa ya kwanza ya Januari ziko tayari. Pia nimemwandalia Tabasamu shali, la kijani. (Nimemshukuru. Si mkakati. Ingawa meneja akiliona, si mbaya.) Pia kuna sufuria za shangazi anazompelekea dada yake. Dereva atapeleka vyote safari moja. Maboksi saba ya kahawia, yote sawa, 29 hadi 35. Shangazi alishika kalamu aandike "sufuria" juu ya lake. Nikamnyang'anya.

Safari hii ufunguo sijauandika popote. Uko kichwani.