Betri ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Umeme hakuna mtaa mzima. Transfoma imeungua, mafundi wanasema tusubiri. Mimi siwezi kusubiri! Kiwanda cha sabuni kitanipigia Alhamisi saa nne asubuhi. Nikiwaridhisha, nimepata kazi ya kusimamia zamu: kuhakikisha kila mtu anafika kwa wakati. Mke wangu amechoka kulisha nyumba peke yake. Ameniambia hivyo leo, bila kutabasamu. Na simu yangu inakaribia kuzima.

Jirani ana sola. Amesema nipeleke simu nichaji bure. Mke wangu huchaji yake huko bila aibu. Mimi? Kwa mtu aliyewahadithia watu jinsi nilivyokaanga yai kwa pasi? Hanipati ng'o.

Jumanne, 5 Machi

Wazo! Mke wangu hununua betri za kuchaji tu, zile ndogo za tochi na saa ya ukutani. Nimetoa nne kwenye tochi, nikazipanga mstari, nikakata waya wa chaja, nikaunganisha. Simu ikalia. Inachaji! Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akauliza ndoo ya maji iko wapi. Hajazoea maendeleo.

Hata chai haijapoa, simu ikagoma. Betri zimechoka.

Jumatano, 6 Machi

Nimepeleka betri kwa jirani zichajiwe kwenye sola yake. Sikupeleka simu, ieleweke. Betri ni jambo jingine kabisa. Jirani akaziangalia, akaniangalia, akauliza kwa nini nisilete simu yenyewe. Nikamjibu kuna mambo ya kitaalamu. Naye akajitia mtaalamu: eti betri za kuchaji hazina nguvu kama zile za kawaida, nne hazifikishi volti tano zinazotakiwa na simu, na nikiongeza ovyo nitaiunguza. Wivu tu. Ila hilo la kuongeza nimelishika.

Alhamisi, 7 Machi

Mke alipotoka kwenda kazini, nikachomoa betri ya saa ya ukutani. Ya tano! Simu ikachaji kweli kweli, ikapata moto kama pasi. Nikaizima ipoe na itunze chaji, niiwashe saa nne kamili. Nikavaa shati la kola, nikakaa sebuleni, macho kwenye saa ya ukutani. Saa mbili na dakika tano.

Asubuhi ndefu namna hii sijapata kuiona. Mama mkwe akauliza mbona tumbo lake linadai chakula cha mchana. Nikamwonyesha saa. Watoto wa shule wakapita wakirudi makwao. Watoro! Nikawafokea dirishani. Baadaye mke wangu akaingia, nikampongeza kwa kuruhusiwa mapema. Aliitazama saa, akanitazama mimi, akaishusha na kuigeuza nyuma.

Ijumaa, 8 Machi

Kiwanda kilinikosa, kikampigia mke wangu. Amewabembeleza, watanipigia tena Jumatatu, saa ile ile. Kwa mara ya mwisho. Saa ya ukutani ameirekebisha mwenyewe. Amesema safari hii nikikosa, nihamie kwa jirani nikachajiwe mimi. Mama mkwe alicheka mpaka akapaliwa. Mimi iliniuma sana, maana mke wangu hakucheka.

Jumatatu, 11 Machi

Umeme bado. Jirani amekuja mwenyewe asubuhi kuifuata simu, nikamwambia aende salama. Nimeshajifunza. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikuirudisha betri ya saa!

Leo mke alipotoka nimeiazima tena, nikaiunga na zile nne zilizochajiwa upya kwa jirani Jumamosi, nikaiacha simu ichaji taratibu mpaka ikajaa. Halafu betri nikairudisha kwenye saa kwa mkono wangu, kama mtu mwenye akili. Mshale unatembea vizuri, nimeusikiliza. Simu nimeizima, itunze chaji. Shati la kola nimevaa.

Saa mbili na robo. Muda ninao, tena wa kumwaga. Mama mkwe analalamika njaa, nimemwambia avumilie, ni asubuhi bado.

Wale watoto watoro wamepita tena dirishani. Nikishaanza kazi, nitakwenda kumwona mwalimu wao mkuu. Watu wasiojua saa wananikera sana.