Unyayo Wangu Barabara ya Madukani

Salumu na Mfaume,

Leo nimevuliwa nguo mbele ya Mtwara nzima. Kilichovuliwa hasa ni kiatu, tena kwa nguvu za wanaume wawili, lakini aibu ni ileile. Nawaandikia kabla hamjasikia kwa mtu mwingine huko Dar, maana huyo atazidisha.

Leo ni Idd pili. Mnajua desturi yetu: siku hii gari halipiti Barabara ya Madukani. Mapipa manane yamefunga njia, manne kila mwisho (nimeyahesabu mara mbili), na katikati ni miguu tu. Shangani nzima, Chuno nzima, Rahaleo nzima, wanapanda na kushuka kuonyeshana nguo. Mwaka huu vijana wamevaa suruali za bugaluu, zile pana chini, kumi na moja nilizoshona mimi. Nilitaka nitembee nyuma yao nipokee sifa. Sasa, sifa hazipokelewi kwa kandambili. Nikahitaji viatu.

Mkesha wa sikukuu nilikwenda kwa Issa, muuza viatu, jirani yangu wa barazani.

"Ishirini na tano, fundi."

"Kumi."

"Unataka viatu au unataka kamba zake?"

Nikaondoka. Akaniita. Nikaondoka tena. Akaniita tena. Tukamalizia kumi na nne. Nikakagua kila kitu mara mbili: viatu viwili, kamba mbili, matundu kumi na kumi. Namba zilizo chini ya soli sikuangalia. Cha kulia nane, cha kushoto saba! (Ndiyo maana aliniita ile mara ya pili.)

Basi leo nimepanda na kushuka barabara mara tatu, natabasamu kwa maumivu. Kufika alasiri mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kama muhogo uliolowekwa.

Hapo ndipo Bi Rukia, mwenyekiti wa kamati ya barabara, alipopanda juu ya kreti la soda. Akapiga makofi, watu wakanyamaza.

"Baraza ya maduka imejaa mafundi na wachuuzi mpaka wateja hawaoni milango! Kwa hiyo kamati imeamua. Aliyekuwepo baraza ilipojengwa anabaki mahali pake. Wengine wote tunawahamishia nyuma ya soko."

Nyuma ya soko! Kule hupita mbuzi tu, na mbuzi hawashoni suruali. Mahali pangu mnapajua: ubavuni mwa mlango wa duka la vitambaa. Mteja akitoka na kitambaa chake mkononi, hatua ya pili anagonga cherehani yangu. Miaka yote hiyo nimekula kwa hatua ile moja.

Wala sikuogopa. Mimi ndiye historia yenyewe ya barabara hii! Nilikuwepo enzi bandari inajengwa, upande huu una maduka matatu na mikorosho. Nilimwona Mzee Nandule akimwaga saruji ya baraza. Uhuru umenikuta hapo, vioo vya madirisha vimenikuta hapo.

"Una shahidi?" akauliza Bi Rukia.

Mashahidi wangu ni nyinyi wawili, mmehamia Dar. (Kwa hiyo na nyinyi mna sehemu yenu katika aibu hii.)

Issa akajitokeza, kifua mbele.

"Mimi ninao ushahidi, mama. Tena wa saruji!" Akaonyesha chini, pale mlangoni kwa duka la vitambaa, kwenye ule unyayo. "Huu mguu ni wangu. Nilikanyaga siku baraza inamwagwa. Na shahidi wangu ni Fundi Hamisi mwenyewe!"

Jamani, nilihisi hata kile kiatu kinaniachia kidogo.

Mnakumbuka? Siku ile nilipita na cherehani begani, sioni mbele, nikazamisha mguu kwenye saruji mbichi. Mzee Nandule aliporudi akaapa kwamba akimjua aliyeharibu kazi yake, atamlambisha mwiko. Nikakaa kimya. Baada ya miaka miwili akaulizia tena. Issa ndiyo kwanza alikuwa amehamia barazani, hana hata wa kumtetea, nikasema: "Labda huyu." Tangu hapo mzee humgombeza Issa kila anapopita. Na Issa hukana kila siku, isipokuwa leo.

Na Mzee Nandule alikuwepo, mstari wa mbele, na kanzu yake nyeupe.

"Ni kweli, Hamisi?" akauliza Bi Rukia. "Uliwahi kusema unyayo ni wa Issa?"

Nikapiga hesabu ya haraka. Nikisema kweli, mimi ni mwongo. Nikisema uongo, mimi ni wa nyuma ya soko. Nikahesabu mara ya pili, jibu lilelile.

"Nilisema," nikajibu. "Na nilidanganya. Mguu ni wangu."

Mshangao ulioinuka pale, ungedhani goli limefungwa!

"Basi vua tuone," akasema Bi Rukia.

Unyayo ni wa kushoto, nikavuta kiatu cha kushoto. Hakitoki. Nikakaa chini nikavuta. Hakitoki!

"Mmeona?" Issa akawaambia watu. "Viatu vyangu havivuki ovyo!"

Vijana wawili wenye bugaluu (nilizoshona mimi!) wakashika kiatu, wakahesabu moja, mbili. Tatu hawakuifikia. Kiatu kikatoka, mimi nikaenda kinyumenyume nikakalia sinia la visheti la Mama Tatu. Soksi ikabaki na tundu, na gumba likichungulia kama mtu anayeulizia njia.

Nikachechemea hadi kwenye unyayo. Nikaweka mguu. Haukuingia! Uvimbe umejaa pande zote.

"Nyuma ya soko!" watu wakapiga kelele.

"Mama," nikamwambia Bi Rukia, "nipe nusu saa na beseni la maji ya baridi."

"Dakika tano."

"Ishirini."

"Kumi, bila beseni."

"Kumi na tano, na beseni, na visheti vyote vya Mama Tatu nanunua mimi."

Mama Tatu akadakia: "Mpe, mpe!"

Basi nikakaa katikati ya Barabara ya Madukani, kwenye sikukuu ya Idd, mguu ndani ya beseni la kuoshea glasi. Watu waliotoka huku na kule kutazama nguo mpya walinitazama mimi. Watoto walihesabu dakika kwa sauti. Walikosea mara mbili, nikawasahihisha.

Dakika ya kumi na tano nikasimama. Nikaweka mguu, taratibu. Kisigino kikaingia. Gumba likaingia. Na kile kidole changu cha mwisho, kilichompanda mwenzake tangu nizaliwe, kikalala ndani ya alama yake kama kimerudi nyumbani!

Issa akavua kandambili, naye akajaribu. Vidole vyake vimenyooka kama askari. Akavirudisha ndani ya kandambili.

"Hamisi anabaki!" akatangaza Bi Rukia.

Wakanibeba! Juu kwa juu, kiatu kimoja mguuni, visheti nyuma ya suruali, toka pipa la kwanza mpaka la mwisho na kurudi. Nilipotua, Mzee Nandule alikuwa ananisubiri. Kumbe kwenye kanzu alikuwa na mwiko. Bado anautunza.

"Miaka yote hiyo namgombeza mtoto wa watu," akasema. "Jumamosi utakuja kuziba nyufa zote za baraza hii."

"Nusu yake, mzee."

"Yote."

"Yote, isipokuwa unyayo."

Akacheka. Tukapeana mikono. Issa nimemwomba radhi mbele za watu, na akakubali. Nimepima baraza kwa shubiri, pakatosha, nikapima tena, kisha nimemkatia upande wa kushoto wa cherehani, kwa ruhusa ya Bi Rukia, ili naye asiende kwenye mbuzi. Ila kiatu amekataa kubadilisha. Anasema kwa jinsi kilivyogoma kutoka, mji mzima ni shahidi kwamba kilinikaa sawasawa.

Mkija Idd ijayo unyayo nitawaonyesha bure. Habari za beseni, nawasihi, msiniulize.

Fundi Hamisi