Jinsi Kopo la Siagi ya Karanga Lilivyokwenda Kupimwa

Enyi wenye maduka na wenye vibanda, enyi wapika jemu, wachemsha sabuni na wajaza asali kwenye chupa zilizowahi kuwa za kitu kingine, sogezeni vigoda, zimeni simu, mpeni mtoto kitu cha kutafuna anyamaze; kwa maana hapa yanasimuliwa mambo mazito, mambo ya vita na mashaka, ya ngome zilizozingirwa na viapo vilivyoapwa mbele ya sufuria: jinsi Mama Karanga, mwenye mwiko mrefu, binti wa fundi cherehani, mke wa dereva aliye safarini siku zote, alivyolichukua kopo moja la siagi ya karanga akalipeleka kupimwa, nalo likapimwa.

Ndiyo, ni hilo tu. Anayetaka majoka aende kwa jirani.

Katika zama hizo Mama Karanga alitawala jiko la uani, lenye bati juu na mashine ya kusagia iliyopiga ukelele kama mtu aliyeonewa. Chini yake palikuwa na raia wachache lakini machachari. Wa kwanza ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, ila redio hii haikuwa na kitufe cha kuzimia. Huyu ndiye aliyekuwa Jemadari wa Uchambuzi, mwenye kukaa na ungo mapajani akitenganisha karanga njema na zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu. Wa pili ni mamamkwe, mama yao Redio na dereva, Mlinzi wa Kijiko, ambaye meno yake yalikwisha kustaafu moja baada ya jingine, naye kila asubuhi alikula kijiko cha siagi kabla hata hajamsalimu mtu.

Na Mama Karanga alikuwa na jambo moja moyoni. Duka kuu la pale njia panda lilikuwa na rafu, na kwenye rafu yalikaa makopo ya siagi ya watu wengine. Kila alipokwenda kununua chumvi, shujaa alisimama hapo, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha kwa kidole kimoja akayatenganisha makopo mawili, aone kama lake lingeenea katikati. Lilienea. Kila mara lilienea. Akayarudisha yalivyokuwa, akaenda kulipia chumvi.

Ikatokea siku akajipa moyo, akamwendea mnunuzi wa duka lile, mwenye kuamua nini kiingie rafuni, mtu mwenye kalamu moja sikioni na nyingine mkononi, asiyeiamini hata moja. Mnunuzi akaonja, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akanena: "Tamu. Niletee cheti kwamba imepimwa, nikuwekee kwenye rafu."

Shujaa akarudi nyumbani akiwa na furaha na hofu kwa pamoja, akamweleza wifi yake.

"Cheti?" akasema Redio. "Wifi, cheti ndicho cha kukunyima usingizi? Namjua mtu."

Maneno hayo mawili, namjua mtu, yameangusha falme nyingi kuliko njaa na tauni.

Mtu mwenyewe alikuwa Bwana Mihuri, mwenye makao yake chini ya ngazi za jengo moja refu, katikati ya kinyozi na fundi simu. Akalipokea kopo kwa mikono miwili. Akalitikisa karibu na sikio, akaitikia kama aliyejibiwa. Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena, kwa ajili ya uhakika. Akauliza kama wamekuja na mkate. Walipomwambia hapana, akafungua mkoba wake, akagonga muhuri mwekundu, akagonga wa bluu, akabandika nyota ya dhahabu.

"Imefaulu," akatangaza.

"Imefaulu nini?" akauliza Mama Karanga.

"Vyote."

Wakarudi dukani kwa mwendo wa washindi, Redio mbele, cheti juu kama bendera. Mnunuzi akakipokea, akakisoma kwa sauti: "'Bidhaa hii imepimwa na kuthibitika kuwa imara, haipenyezi maji, wala haishiki moto kwa urahisi.'"

Akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Hongera, mama," akasema mnunuzi.

"Asante sana, kaka," akaitikia Redio.

"Jana fundi magodoro kaniletea hiki hiki. Na nyota hii hii."

Shujaa akatamani sakafu ifunguke. Naye mnunuzi akaitoa kalamu sikioni, akasimama wima kama jemadari juu ya kilima, akahutubu: "Sikieni, akina mama. Wateja wangu hawaiwashi siagi kiberiti, wanawapakia watoto kwenye mkate. Karanga huwa na sumukuvu, sumu inayozaliwa na ukungu. Jicho haliioni, ulimi hauionji, na kukaanga hakuimalizi. Nataka majibu ya maabara yenye ithibati. Bila hayo, hata angekuwa mama yangu mzazi, rafu yangu haigusi."

"Ithibati ndiyo nini tena?" akauliza Redio.

"Ni kwamba anayekupima naye kapimwa. Wapo wanaokwenda kumkagua mizani yake, vifaa vyake na watu wake. Wanampa mtihani ambao majibu wanayo wao. Akiboronga, ananyang'anywa. Sasa huyu wenu, nani kampima?"

Redio akafikiri. "Kinyozi anamfahamu vizuri."

Usiku haukuwa umeingia bado Mama Karanga aliposimama katikati ya jiko lake, akauinua mwiko, akaapa: "Kwa mwiko huu, na kwa mashine hii yenye kelele, siagi yangu itapimwa na mtu aliyepimwa!"

"Punguzeni sauti," akasema mamamkwe kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. "Nakula."

Kisha shujaa akafanya kosa, na kosa lenyewe ni la mpishi. Mwanasheria wala mwanajeshi asingeliweza. Aliwaza hivi: watu wasomi wanakuja kuionja siagi yangu, basi hao ni wageni, na mgeni hapewi kilichobaki chini ya pipa. Akachagua karanga moja moja, za sura na umbo. Akasaga peke yake. Akatia iliki. Akatia asali. Akajaza kopo lenye mfuniko mpya, akalifunga utepe.

Ndipo ikaanza safari. Akalibeba kopo kifuani, Redio ubavuni akitoa taarifa ya kila wanachokipita. Walipita barabara inayochimbwa bomba, ambako vumbi lilisimama kama jeshi la adui. Wakapanda mlima wa posta, magoti yakiomba mapumziko. Wakafika kwenye geti la chuma, na getini pakawa na askari.

"Umebeba nini?"

"Nimebeba hatima ya nyumba yangu," akanena Mama Karanga.

"Fungua."

Akafungua. Askari akanusa, akafumba macho kidogo. "Pita, hatima."

Ndani ya maabara palikuwa baridi, meza nyeupe, harufu ya spiriti. Aliyewapokea alikuwa binti mwenye koti jeupe na miwani iliyoteleza puani. Ukutani kilitundikwa cheti, na Redio, aliyekwisha kuwa mtaalamu wa vyeti, akakisogelea.

"Hiki mbona hakina nyota?"

"Hakina, dada, ila soma pale chini," akasema binti. "Yameandikwa tunayoruhusiwa kupima. Sumukuvu kwenye karanga imo. Magodoro hayamo."

"Wewe umejuaje habari ya magodoro?"

"Si nyinyi wa kwanza kuja hapa mkitokea chini ya ngazi."

Binti akafungua utepe, akafungua mfuniko. Harufu ya iliki ikatawala chumba. Akamtazama Mama Karanga juu ya miwani yake, akauliza kwa upole, kama daktari: "Hii ndiyo unayouza, mama?"

Enyi msikilizao, hapo majeshi yalisimama. Neno moja tu, ndiyo, na kopo lile zuri lingepita, na cheti cha kweli kingetoka, na rafu ingefunguka. Redio akamfinya wifi yake ubavuni. Mama Karanga akatazama utepe wake.

"Hapana," akasema. "Hii nimewatengenezea nyinyi."

"Basi mama, nikiipima hii nitakuwa nimepima heshima yako, sio siagi yako." Binti akaufunga utepe tena, vizuri kuliko ulivyokuwa. "Nenda kwenye ile ya kuuza. Koroga. Chota juu, katikati, chini. Usichague."

Usichague! Neno hilo likamwingia kama mkuki, yeye aliyeishi kwa kuchagua. Lakini akarudi, mlima wa posta akiushuka, bomba akiliruka, akalifungua pipa la bluu, lenye shehena yote iliyosubiri duka, akakoroga, akachota juu, katikati na chini, akageuka. Askari wa getini akanusa. "Hii siyo ile ya asubuhi," akasema kwa huzuni.

Majibu yalipotoka, mawifi wote wawili wakaitwa, naye binti hakuyatoa kwa maneno mengi. Sumukuvu ilikuwamo, na ilizidi kipimo kinachokubalika.

"Imezidi kidogo?" akauliza Redio.

"Imezidi, dada. Hii hailiwi. Kaangalieni uchambuaji wenu, na kama magunia yalipata unyevu."

Njia nzima ya kurudi, Redio hakusema kitu. Watu walitoka madukani kuwatazama, wakidhani kuna msiba. Walipofika kwenye kona ya nyumbani ndipo aliposimama, akasema kwa sauti ndogo: "Wifi, zile zilizosinyaa… si zote nilizitupa. Nyingine nilizionea huruma. Unaona imekunjamana tu, haina kosa. Nikazirudisha kwa wenzao."

Mama Karanga akafungua mdomo kumjibu, kisha wote wawili wakakumbuka jambo lile lile kwa wakati mmoja, wakakimbia.

Kitini mlangoni mamamkwe alikuwa na bakuli mapajani, bakuli la siagi iliyochotwa kwenye pipa la bluu, na kijiko kikiwa nusu njia.

"Mama, weka chini!" akalia Redio.

"Nini tena?"

"Mama, ina sumu!"

"Sumu gani, na mimi naila tangu juzi?"

Hapo ndipo pakapiganwa pigano kubwa kuliko yote ya zama zile. Mlinzi wa Kijiko aliishika silaha yake kwa mikono miwili. Redio akashika bakuli. Mama Karanga, kwa heshima anayostahili mama wa mume, akapiga magoti na kuvuta kijiko. Kikavutwa huku, kikavutwa kule, siagi ikaruka ikatua mlangoni.

"Mke wa mwanangu unaninyang'anya chakula mdomoni!" akapaza sauti mamamkwe, majirani wasikie. "Basi nipeni ile ya utepe!"

"Nayo haijapimwa, mama," akasema Mama Karanga, na macho yake yalikuwa na machozi, kwa kuwa alikuwa akijiuliza ni vijiko vingapi vilishapita. "Nisamehe. Sikujua. Nilikuwa na cheti cha godoro."

Mamamkwe akalegeza vidole. Akaachia kijiko. "Nitakula uji," akasema, kama malkia anayekwenda uhamishoni.

Jioni hiyo hiyo Redio akampeleka mama zahanati, akarudi na habari kwamba yu mzima na amegombana na muuguzi. Pipa la bluu likazikwa shimoni, mbali na kuku, nao kuku wakasimama pembeni kwa adabu. Gunia jipya likaja, likaanikwa juani, likainuliwa juu ya mbao. Redio akaketi na ungo wake, akageuza kila karanga tumbo na mgongo, kimya, na iliyokunjamana hata kidogo akaitupa bila kusikiliza utetezi wake.

Shujaa akakoroga, akachota, akapanda mlima. Majibu yakatoka: salama. Mnunuzi wa duka akayasoma, kisha, kwa kuwa hakuamini hata karatasi yenye ukweli, akapiga simu maabara, akaulizia, akaambiwa ni yao. Akakitia kidole rafuni kuonyesha mahali: chini, pembeni, nyuma kidogo ya siki.

Mama Karanga akainama. Kwa kidole kimoja akayatenganisha makopo mawili. Akaweka lake katikati. Safari hii hakuyarudisha.

Na iandikwe basi, na wajukuu wa wauza sabuni waisome kwa sauti, na kila mwenye biashara ndogo aishike kichwani kabla hajashuka chini ya ngazi: katika mwaka ule, kopo lilikaa nyuma ya siki, na hapakuwa na kopo lenye haki zaidi ya kukaa hapo.

Lakini ushindi wenyewe ulikuwa kesho yake asubuhi, mlangoni. Mama Karanga alileta bakuli, akapiga magoti, akakitoa kijiko. Mamamkwe akakijaza, akakiinua, akakisimamisha mbele ya mdomo.

"Imepimwa?"

"Imepimwa, mama."

"Na huyo aliyeipima?"

"Naye kapimwa," akasema Redio.

Mlinzi wa Kijiko akafungua mdomo.