Tume ya Magoti na Punda wa Altmoos

Jumapili ya Matawi, mwaka 1526, saa tatu asubuhi, mlango wa kanisa la Altmoos ulikuwa na misumari sita mipya na tangazo moja. Halmashauri ya Mji ilikuwa na furaha kuwatangazia wakazi kuundwa kwa Tume ya Kudumu ya Magoti. Kuanzia siku hiyo, chochote watakachokipigia magoti, isipokuwa Mungu mwenyewe, kingetolewa nje ya lango la mji kabla ya jua kuzama. Hakuna rufaa.

Mwenyekiti wa tume, Bwana Batt Lochmann, alilisoma tangazo lake mara mbili, akaliona halina dosari. Dini ilikuwa imebadilika, kupigia sanamu magoti kukawa kosa, naye alikuwa mbele yake hatua moja. Misa ya Kilatini ilikuwa imekwisha. Watakatifu wa mbao walikwisha kutolewa kwa toroli, nyuso zikielekea nyuma ili wasionekane wanaongoza maandamano. Alhamisi angechaguliwa meya mpya, na Mhubiri Ulman, ambaye halmashauri haikohoi bila idhini yake, alikuwa akimtazama kwa jicho zuri. Kilichobaki ni kumwondoa punda.

Punda huyo alikuwa wa mbao, na miguu yake ilisimama juu ya magurudumu manne. Kila Jumapili ya Matawi wachinjaji walimvuta kutoka kanisani hadi sokoni, Yesu wa mbao akiwa mgongoni, na watu walipiga magoti na kurusha vitawi vibichi. Yesu alikuwa ameshashushwa na kufungiwa stoo. Punda alichelewa kwa kuwa halmashauri ilikuwa haijakubaliana kama naye ni mtakatifu.

Jana yake Apolonia Hüsli, mjane aliyewaongoza wachinjaji, alikwenda kwa Lochmann kumtetea punda.

"Mheshimiwa, watu wanapiga magoti kwa mazoea tu. Gurudumu likilia, goti linajikunja lenyewe."

"Mama, sheria haiulizi goti limekusudia nini. Inatazama goti liko wapi."

"Haya, aliyepigiwa magoti ni yule wa mgongoni. Punda kosa lake nini?"

"Kubeba," alisema Lochmann, na shauri likafungwa.

Basi asubuhi hiyo punda alitolewa hadi mbele ya mlango wa kanisa, pale mteremko unapoanzia. Toroli lilikuwa tayari. Lochmann alipiga marufuku mtu yeyote kugusa kamba, kwa kuwa kuvuta kamba ndiyo iliyokuwa ibada yenyewe. Kisha, ili kuuthibitishia umma kwamba kile kilikuwa kipande cha mti tu, akampanda. Akaketi vizuri. Akainua mkono wa kulia aanze hotuba.

Wachinjaji walikuwa wameyapaka magurudumu mafuta ya nguruwe, kama kila mwaka. Punda akaondoka.

Lochmann aliamuru kamba ishikwe. Apolonia alimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba ni marufuku. Mafuta au la, magurudumu yalilia mteremko mzima, kama kila mwaka. Bibi wa kwanza akapiga magoti, kisha mtaa mzima ukafuata, wengine kwa mazoea, wengine kwa kuwa kicheko kiliwalegeza miguu. Vitawi vilivyokusudiwa kulishwa mbuzi vikarushwa. Mwenyekiti alipita katikati yao, mkono ungali juu, maana wa kushoto ndio ulioshika sikio la punda, akaishia sokoni, miguuni pa Mhubiri Ulman.

Mhubiri aliomba asomewe tangazo. Likasomwa.

"Walipiga magoti kwa mazoea tu," alisema Lochmann.

"Sheria haiulizi goti limekusudia nini, mheshimiwa," alisema Apolonia. "Inatazama goti liko wapi."

Halmashauri ilikutana palepale, kando ya meza ya samaki, ikaona kifungu hakina mwanya wa kumwokoa Lochmann. Mjumbe mmoja, aliyekuwa na haja ya kumridhisha mhubiri, alipendekeza punda naye atolewe, kwa kosa la kubeba.

"Kama kumbeba Bwana Lochmann ni kosa," alisema Apolonia, "tuanze na halmashauri. Ninyi mmembeba miaka mingapi? Punda kambeba asubuhi moja."

Pendekezo liliondolewa.

Kabla ya jua kuzama, Mwenyekiti wa Tume ya Kudumu ya Magoti alipitishwa langoni kwa toroli, uso ukielekea nyuma. Lango lilifungwa. Wachinjaji walimvuta punda kupandisha mlima, mgongo mtupu, na hakuna aliyepiga magoti.